Mwanga Unapopinda na Unapotanda

Yeyote aliyewahi kuutazama upinde wa mvua anajua kwamba mwanga mweupe si mweupe. Ni mkusanyiko wa rangi, na kila rangi ina tabia yake ipitapo kwenye kioo: samawati hupinda zaidi, nyekundu hupinda kidogo. Tabia hiyo imewasumbua waundaji wa lenzi za kamera tangu jadi. Katika lenzi ndefu, zile za kuvutia vitu vya mbali, kasoro hujitokeza waziwazi. Jezi nyeupe huzungukwa na ukungu wa zambarau. Dawa ya kale ilikuwa kuongeza vioo, kimoja kirekebishe makosa ya kingine. Mnamo 1969 kampuni ya Canon ilitoa lenzi ya milimita 300 yenye floraiti iliyokuzwa kiwandani, madini ambayo huzitenganisha rangi kwa kiasi kidogo mno. Hata hivyo, lenzi ndefu ziliendelea kuwa mzigo.

Mzigo huo naujua. Mjomba wangu ni mpiga picha mjini Kakamega, na riziki yake kubwa hutokana na mechi za kandanda katika uwanja wa Bukhungu. Lenzi yake ya milimita 300 ilikaribia uzito wa kilo moja na nusu. Alipoteguka bega, daktari alimwagiza aupumzishe mkono; lakini mtu anayelipwa kwa picha akipumzika, watoto hulala njaa. Ndipo aliponiuliza, "Mpwa wangu, wewe uliye chuoni, hebu nieleze. Hiyo lenzi mpya wanayosema ni nyepesi kwa nusu, wamepunguza nini ndani yake?" Lilikuwa swali la mtu aogopaye kupunjwa, nami niliona ni haki yake kujibiwa kwa lugha aielewayo.

Jibu linaanzia Ufaransa. Mnamo 1822 Augustin Fresnel alibuni lenzi ya minara ya kuongozea meli. Badala ya bonge zima la kioo, alitumia pete zilizopangwa mithili ya ngazi, hivyo kioo kikapungua bila mwanga kupungua. Canon mnamo 2001, na Nikon mnamo 2015, walizitia pete za namna hiyo katika lenzi za kamera, ila zao ni mitaro membamba mno. Mwanga upitapo humo haupindi kwa sababu ya kioo tu, bali huenea kama wimbi lipitalo penye mwanya. Na hapa ndipo penye utamu: katika kuenea huko rangi hubadilishana zamu, nyekundu ikachepuka zaidi kuliko samawati. Kioo cha kawaida na kioo cha mitaro vikikaa pamoja, kosa la hiki hulifuta kosa la kile. Lenzi ya Nikon ya 2015 ina takriban gramu 755. Iliyoitangulia ilikuwa na gramu 1440.

Nilipofika hapo ulimi ulikwama. Nilikuwa na neno moja tu, kupinda, kwa mambo mawili yaliyo kinyume. Mjomba ndiye aliyenikwamua. "Kama mawimbi ya bwawani yakipita kwenye pengo la ukuta," alisema. "Yakishatoka, yanatanda." Basi tangu siku hiyo mwanga kwangu *hupinda* katika kioo na *hutanda* katika mitaro. Watunga istilahi wakiwa na neno bora zaidi, walilete. Nionavyo mimi, hili limetoka mahali pazuri.

Lenzi hizi zina dosari. Taa kali au jua likiingia pichani, mitaro huweza kuzua duara za rangi. Wapo pia wanaoifuata njia nyingine: mnamo 2016 kundi la Federico Capasso katika Chuo Kikuu cha Harvard lilionyesha lenzi bapa iliyoundwa kwa vinguzo vya oksidi ya titani, vifupi kuliko elfu moja ya milimita. Hayo hayakumhusu mjomba. Aliiazima lenzi ya mitaro kwa mechi moja, akachunguza picha za jioni, akaziona duara hizo juu ya paa la mabati lililomulikwa na jua.

"Nitahamia nyuma ya goli la pili," alisema, kisha akaanza kumtafutia mnunuzi lenzi yake ya zamani.