Jongoo wa Bamburi: Je, Bustani ya Elimu Yamfaa Mtoto Mdogo?

Kamati ya wazazi wa shule ninayofundisha hapa Uganda imeleta shauri kwamba watoto wa chekechea wapelekwe matembezi katika bustani ya elimu, yaani mahali ambapo wanyama, miti na mabango vimepangwa makusudi ili mgeni atoke na maarifa. Nami nimeombwa nitoe rai yangu. Baadhi ya walimu wenzangu husema kwamba mtoto wa miaka 4 au 5 hajawa na akili ya kufaidi mahali kama hapo, na kwamba fedha za wazazi, ambao wengine huuza kuku ili wapate nauli, zitapotea bure. Wengine hujibu kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Kabla sijauegemea upande wowote, imenilazimu kukumbuka kisa kilichonipata mwenyewe, ambacho hata leo hunitia haya.

Miaka michache iliyopita nilikwenda Mombasa kuwazuru jamaa, nikafuatana na mjukuu wangu wa kike mwenye umri wa miaka 5. Nikaazimia kumpeleka Haller Park, kule Bamburi, kaskazini mwa mji. Nilikuwa nimejiandaa barabara. Niliijua habari ya Owen, kiboko mchanga aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa katika bustani ile na kuambatana na kobe mkongwe aitwaye Mzee kana kwamba ndiye mama yake. Nilikusudia kumsimulia mtoto habari hiyo mahali pale pale ilipotukia. Kisha angewaona twiga, mamba na viboko, na kila mnyama angemtaja kwa Kiswahili, kwani nyumbani kwetu twazungumza Kiganda. Kwa ufupi, bustani nilikwisha kuigeuza darasa lenye ratiba.

Hatukufika mbali. Chini ya mivinje mtoto alichuchumaa ghafla, akapiga ukelele wa furaha: "Jjajja, ggongolo!" Jongoo mkubwa mweusi, mwenye miguu myekundu, alikuwa akijikokota juu ya majani makavu.

"Kwa Kiswahili ni jongoo," nikamwambia.

Akalirudia neno lile mara mbili tatu, akacheka kwa kuona jinsi lilivyo ndugu wa neno letu. Kisha akauliza, "Anakula nini?"

Nilitazama saa. Nikakumbuka kiingilio nilicholipa. Nikamshika mkono nikamwinua, nikisema, "Majongoo wapo hata nyumbani. Hatukuja hapa kutazama wadudu."

Alilia mpaka tulipofika kwa twiga. Chakula alichopewa amlishe kilimponyoka, maana ulimi ule mrefu ulimtisha. Mamba hakuwatambua, alidhani ni magogo. Mabango niliyomsomea hakuyasikiliza hata moja, na hadithi ya Owen na Mzee niliimalizia peke yangu. Jioni wenyeji wetu walipomwuliza alichokiona, alijibu neno moja tu: "Jongoo."

Wote walicheka, nami nikacheka nao, ingawa moyoni niliona fedha zangu zimepotea. Baadaye nilisoma historia ya bustani ile, na hapo ndipo nilipotahayari kweli kweli. Mahali pale palikuwa machimbo ya mawe ya matumbawe yaliyotumiwa na kiwanda cha saruji: jangwa jeupe, lisilo na udongo, lenye jua kali na maji ya chumvichumvi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu kutoka Uswisi, alianza kujaribu kupanda miti humo. Mingi ilikufa, lakini mvinje ulistahimili. Hata hivyo majani yake membamba yalirundikana chini bila kuoza, na pasipo kuoza hapana udongo. Ndipo alipomgundua jongoo mwenye miguu myekundu akiyala majani hayo. Majongoo wakaletwa kwa mamia. Wakala, wakaacha samadi, na udongo ukaanza kujengeka mahali palipokuwa jiwe tupu. Msitu ukaota, wanyama wakafuata, na mwaka 1984 wageni wakafunguliwa njia.

Basi lile swali la mtoto, "Anakula nini?", ndilo lililobeba siri ya bustani nzima. Yeye alikuwa amesimama mbele ya mwalimu mkuu wa mahali pale, mimi nikamvuta akasome mabango. Niliporudi kumweleza habari hiyo alinisikiliza kwa makini, kisha akaniuliza, "Mbona hukuniambia pale pale?" Sikuwa na jawabu.

Friedrich Froebel, Mjerumani aliyeanzisha shule za watoto wadogo, alizipa mwaka 1840 jina lenye maana ya bustani ya watoto. Bustani si ghala la maarifa. Ni mahali ambapo kitu huota kwa wakati wake. Mtoto mdogo yu karibu na ardhi, naye hujifunza kwa kile kinachofikiwa na mkono wake na kulingana na kimo chake. Tukimwonyesha vitu 20 kwa saa mbili, hatumwelimishi bali tunamchosha.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba bustani ya elimu yamfaa mtoto mdogo, lakini ratiba zetu ndizo zisizomfaa. Watoto wetu na waende Entebbe, ambako makao ya wanyama yatima yaliyoanzishwa mwaka 1952 yaligeuzwa kituo cha elimu ya wanyamapori mwaka 1994. Safari yake si ndefu. Mwalimu atangulie kwenda peke yake apajue mahali. Wachaguliwe wanyama wawili au watatu tu, na muda unaobaki uwe wa watoto. Akichuchumaa mmoja, mwalimu naye achuchumae, ampe neno la Kiswahili la kile alichokiona, tena asubiri swali la pili.

Najua mzazi aliyeuza kuku ataniuliza: ikiwa jongoo yupo nyuma ya darasa, nauli ni ya nini? Swali lake ni la haki. Namjibu kwamba tuanzie huko nyuma ya darasa, wiki hii, bila kiingilio. Mwalimu atakayeweza kukaa nusu saa na watoto penye jongoo mmoja, huyo ndiye tumkabidhi nauli ya Entebbe.