Nyama ya Kukaanga ya Mji wa Lima

Mji wa Lima, ulio mji mkuu wa nchi ya Peru katika Amerika ya Kusini, umejengwa pwani ya Bahari ya Pasifiki, mahali ambapo mvua ni adimu sana. Tangu Juni hadi Septemba ukungu hufunika mji huo siku nyingi, wala ardhi hailowi ila kwa manyunyu. Mgeni apitaye mitaani jioni ya siku ya kazi, saa ya watu kurudi nyumbani, husikia madirishani sauti ya nyama ikilia katika mafuta ya moto. Chakula hicho huitwa lomo saltado, na habari za asili yake zafaa kujulikana.

Mwaka 1849 serikali ya Peru iliruhusu vibarua waletwe kutoka China. Matajiri walihitaji watu wa kulima miwa na pamba, na wa kuchimba guano, yaani mavi ya ndege wa baharini yaliyouzwa Ulaya kuwa mbolea. Hata ilipofika mwaka 1874, biashara hiyo ilipokomeshwa, Wachina wapatao 90,000 au zaidi walikuwa wamekwisha kuvushwa bahari. Safari ilichukua miezi mitatu au minne, na wengi walifia njiani. Kila mtu alifungwa na mkataba wa miaka minane. Ingawa utumwa ulikomeshwa nchini humo mwaka 1854, wengi wa vibarua hao walitendewa karibu sawa na watumwa: walifungiwa usiku, na waliotoroka wakakamatwa walitiwa minyororo. Lakini posho yao ilikuwa mchele, na kwa mchele huo walishika desturi ya kwao.

Wengi waliomaliza miaka yao hawakuwa na nauli ya kurudi. Wakaenda Lima, wakakaa karibu na soko kuu, katika njia iitwayo Capón, wakafungua maduka madogo na vijumba vya kuuza chakula. Vitu vingi vya kwao havikupatikana huko, basi ikawabidi kupika vitu vya ugenini kwa mkono wa nyumbani. Ng'ombe na vitunguu vililetwa na Wahispania, walioujenga mji huo mwaka 1535. Nyanya na pilipili asili yake ni Amerika. Na viazi vile ambavyo mkulima wa Nyandarua au Meru huviita viazi vya Kizungu, asili yake si Uzunguni hata kidogo: vililimwa kwanza katika milima ya Andes, maelfu ya miaka kabla Mzungu yeyote hajaviona.

Upishi wenyewe ni huu. Nyama laini ya ng'ombe hukatwa vipande vyembamba, kisu kikipita kukingama na nyuzi zake, kisha hutiwa chumvi, pilipili manga, bizari nyembamba na kitunguu saumu. Vitunguu na nyanya hukatwa vipande vinene, na viazi hukaangwa mbali. Kila kitu huwekwa tayari mapema, kwa maana kazi ikianza hakuna nafasi ya kutafuta kisu. Karai la chuma huwekwa juu ya moto mkali hata mafuta yafuke moshi, ndipo nyama hutiwa kidogo kidogo. Mpishi asiye na subira huitia yote mara moja. Karai hupoa, nyama hutoa maji, ikachemka badala ya kukaangika, ikawa ngumu. Kisha hufuata vitunguu, pilipili ya manjano, nyanya, siki, na mchuzi wa soya. Mpishi hulirusharusha karai upesi, na ndiyo sababu ya jina saltado, lililotokana na neno la Kihispania la kuruka. Nyama na mboga hazikai motoni zaidi ya dakika kumi. Mwishoni hutiwa viazi na majani ya giligilani, na chakula huandaliwa pamoja na wali. Mgeni hushangaa kuona viazi na wali katika sahani moja, lakini viazi ni vya Peru, na wali ni ule wa vibarua.

Wachina hawakupendwa upesi. Mwaka 1909 zilitokea ghasia mjini Lima, maduka yao yakavunjwa na kuporwa. Hata hivyo wateja waliendelea kuja. Leo mikahawa yao huitwa chifa, jina lililotokana na maneno ya Kichina yenye maana ya kula wali, na tangawizi sokoni Lima huitwa kion, neno la watu wa Guangdong, ambako wengi wa vibarua walitoka. Lomo saltado hupikwa katika nyumba za watu wa kila asili, na Waperu hukihesabu kuwa chakula cha taifa lao. Wajukuu wa vibarua wale nao ni Waperu, na wengi wao wamesahau lugha ya babu zao, lakini mkono wa kushika karai hawajausahau.