Mama wa Laddu

Je, umewahi kumwonea aibu mzazi wako? Mimi nimewahi. Mama yangu hutengeneza mapambo ya shanga na kuyauza hapa Endulen. Hesabu anaijua sana, kuliko mimi. Kiswahili ndicho kilichomshinda, kwa maana amezoea Kimasai. Siku moja alikosea neno mbele ya wateja. Watu walicheka. Nami, mwalimu wa watu wazima, nilicheka.

Baadaye niliona filamu ya Kihindi ya mwaka 2012, iitwayo English Vinglish. Marehemu Sridevi anaigiza mama aitwaye Shashi. Shashi hupika laddu, yaani madonge matamu, na kuyauza. Mumewe na binti yake humcheka kwa sababu hajui Kiingereza. Anakwenda New York kwa ajili ya harusi. Huko anaagiza kahawa na muuzaji anamkaripia. Hapo nilishindwa kutazama.

Shashi anajiunga kwa siri na darasa la wiki nne. Ada analipa kwa fedha za laddu. Darasani yumo mpishi Mfaransa anayempenda. Shashi anamshukuru, lakini hamfuati. Alichokosa nyumbani ni heshima.

Aliyeitunga, Gauri Shinde, alimfikiria mama yake mwenyewe, aliyekuwa akiuza achari.

Asubuhi nilimwomba mama radhi. Hakujibu; alinimiminia chai. Jumatatu alikuja darasani, akaketi nyuma kabisa. Nilipoita jina lake, alijibu kwa Kiswahili, “Nipo, mwalimu.”