Majina Kabla ya Mahindi

Machi 1992 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na ninakaa nyumbani kwa kukosa karo. Padre wa parokia yetu, pembezoni mwa mji wa Kericho, aliniita kwa sababu moja: mwandiko wangu ulisomeka. Alinikabidhi daftari jeusi la jalada gumu, la aina ile ambayo wenye maduka huandikia madeni, akaniambia, "Binti, kila anayeingia lango hili aandikwe. Hata siku tusiyo na cha kumpa, aandikwe."

Watu walikuwa wameanza kuingia tangu mwishoni mwa mwaka uliotangulia, wakikimbia vita vya kikabila. Vita hivyo, ambavyo sote tuliviita klashi, vilizuka tarehe 29 Oktoba 1991 katika shamba la Meteitei, Tinderet, upande wa Nandi. Lakini sisi wa Kericho hatuwezi kusema vilitujia kutoka mbali. Tarehe 21 Septemba mwaka huohuo wanasiasa walifanya mkutano mkubwa Kapkatet, kwenye barabara ya kwenda Sotik, wakidai utawala wa majimbo na kuwatisha waliotaka vyama vingi. Majirani zetu walikwenda kusikiliza. Waliporudi, mazungumzo ya sokoni yalikuwa yamebadilika. Watu tuliozaliwa tukiwakuta, tuliosoma nao na kuzikana nao, walianza kuitwa madoadoa, yaani wageni wasiotakiwa. Baada ya Tinderet ikawa Muhoroni, Fort Ternan, Kipkelion, Londiani, na kisha Sondu.

Mimi ni Mkipsigis. Nalisema hili mapema kwa kuwa wengi waliofika langoni walikuwa wanawakimbia vijana wanaozungumza lugha yangu. Walikuwa Waluo, Wakisii, Waluhya na Wakikuyu. Lakini katika daftari lilelile niliandika pia jamaa za Wakipsigis kutoka mpakani Sondu, ambao nyumba zao zilichomwa katika kulipiza kisasi. Wiki za kwanza padre aliwalaza hawa na wale katika majengo tofauti. Akina mama ndio waliovunja mpaka huo, maana mawe ya kupikia yalikuwa machache na kila mmoja alihitaji moto.

Wageni wanaijua Kericho kwa uzuri wa kijani chake. Ukilala nje, utaijua kwa baridi. Mvua hunyesha karibu kila alasiri, na mara nyingi huja na mvua ya mawe inayochana majani ya chai na kutoboa nailoni iliyowekwa kuwa paa. Watu wa kutoka Fort Ternan na Muhoroni, kule chini kwenye joto la miwa, walifika na shuka moja moja. Watoto wao walianza kukohoa usiku wa kwanza. Blanketi zilipoletwa, zilihesabiwa kwa jamaa wala si kwa kichwa, na jamaa yenye watoto saba ilipata idadi ileile iliyopata jamaa yenye mtoto mmoja. Kwa hiyo niliongeza safu ya umri wa watoto katika daftari. Hakuna aliyeniagiza. Niliona tu kwamba bila umri huwezi kubishana na mwenye lori.

Chakula kilichokuja kilikuwa mahindi na maharagwe. Anayetoa gunia la mahindi huona ametoa chakula, na kweli ametoa. Lakini mahindi makavu si chakula mpaka yasagwe, na kinu cha posho hudai pesa kwa kila gorogoro, yaani kopo la kupimia nafaka. Mtu aliyetoka nyumbani kwake usiku akiwa na mtoto mgongoni atapata wapi hizo pesa? Nimeona mama akiuza gorogoro moja ya mahindi ya msaada ili asage mbili, na nimesikia watu waliovaa makoti wakisema wakimbizi wanauza msaada. Maharagwe nayo yalidai kuni za nusu siku, na katika nchi ya chai kila mti una mwenyewe. Mikaratusi iliyotuzunguka pande zote ilikuwa ya makampuni, imepandwa kwa ajili ya kukausha majani viwandani, na askari wa kampuni hakumwachilia mtu aliyeshika panga karibu nayo. Mwaka ule panga mkononi mwa mtu lilikuwa na maana nyingine kabisa.

Baba yangu alikuwa na chai kidogo kule Belgut, ya kuiuzia KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo. Sehemu moja ilikuwa imefikia wakati wa kupogolewa, kazi ambayo hufanywa kila baada ya miaka michache ili mashina yachipue upya. Matawi ya chai ni kuni nzuri sana, hushika moto haraka na hayana moshi mwingi. Mama yangu alikuwa akiyategemea kwa mwaka mzima. Baba alikodi mkokoteni wa punda akayaleta yote parokiani, mchana kweupe. Jioni ile vijana wawili wa kijijini walimfuata nyumbani kumuuliza yeye ni mtu wa nani. Alikuwa mzee wa maneno machache. Aliwajibu kwamba kuni ni zake na chai ni yake, akawakaribisha waketi wanywe chai. Hawakuketi, lakini pia hawakurudi.

Wengine walisaidia kwa siri, nami siwalaumu. Kulikuwa na akina mama wa Kipsigis waliokuja kabla ya jua kuchomoza na vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya mgando, wakaviacha nyuma ya jiko la shule. Mursik haiigwi. Kila nyumba hukisugua kibuyu kwa mkaa wa mti wake na kwa namna yake. Kuna asubuhi mama mmoja wa Kikisii alionja, akanyamaza kidogo, kisha akalitaja jina la jirani yake. Alikuwa amekunywa maziwa ya nyumba ile kila alipojifungua. Kibuyu chenyewe alikiosha akakirudisha palepale nyuma ya jiko, kwa sababu kukipeleka kwa mwenyewe kungemponza.

Huko mashambani makubwa, wachumaji wengi walikuwa wamehama kambi za makampuni. Makampuni hayo yalianza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920, na tangu mwanzo yalitegemea mikono ya watu kutoka Kisii, Nyanza na Uluhyani pamoja na wenyeji. Jamaa ya mchumaji haina shamba hapa. Nyumba ni ya kampuni, na ukiacha kazi umeacha na nyumba. Watu hawa walikuwa wagumu kuandika. Nilipouliza "Unatoka wapi?" walinitajia kambi, namba ya nyumba na jina la nyapara. Hawakuwa na ekari za kudai, kwa hiyo waliambiwa warudi kwao, na kwao kwa baadhi yao palikuwa kaburi la babu ambaye hawakupata kumwona. Siku hizi watu wakizungumzia fidia huzungumzia ardhi. Mchumaji aliyezaliwa kambini na kufukuzwa kambini hutajwa mara chache mno.

Kwa nini padre alishikilia majina? Nililielewa jambo hili nilipomsikia ofisa mmoja wa serikali akisema, palepale uani mwetu, kwamba hali ni shwari na hakuna wakimbizi Kericho, kuna watu waliotembelea jamaa zao tu. Nyuma yake kulikuwa na foleni ya uji. Mambo yalikuwa hivyo mwaka mzima. Askofu wa Nakuru, Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, ambaye parokia zetu zilikuwa chini yake kabla Kericho haijawa dayosisi mwaka 1995, alisema hadharani kilichokuwa kikitendeka na akaandamwa kwa hilo. Baraza la Makanisa la NCCK lilikusanya habari za klashi hizo na kuzichapisha. Bunge lenyewe liliunda kamati chini ya Kennedy Kiliku, mbunge wa Changamwe. Ripoti yake ya Septemba 1992 ilihesabu watu 779 waliouawa, na Bunge likakataa kuipitisha. Nchi inapokataa kwamba watu wamefukuzwa, orodha ya majina ni msaada sawa na blanketi, na hudumu kuliko blanketi.

Ulimwengu wa nje nao ulikuwa unatazama kwingine. Mwaka uleule Wasomali walikuwa wakimiminika Dadaab, na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilikuwa na sheria ya kuwahudumia kwa kuwa walikuwa wamevuka mpaka. Watu wangu walikuwa wamevuka mto na barabara tu. Ndiyo kwanza mwaka 1992 Umoja wa Mataifa ulimteua Msudani, Francis Deng, kushughulikia suala la watu waliofukuzwa ndani ya nchi zao wenyewe, na miongozo aliyoisimamia ilikamilika mwaka 1998. Sisi tulifanya kazi bila mwongozo wowote. Tulikuwa na daftari na mhuri wa parokia.

Nilijifunza kuuliza. Kipande, yaani kitambulisho, kiko wapi? Kwa wengi kilikuwa kimeungua, na bila kipande hakuna kadi ya kura. Uchaguzi wa vyama vingi ulikuwa unakuja, ukafanyika tarehe 29 Desemba, na nina hakika kwamba kwa waliowasha moto hilo lilikuwa sehemu ya hesabu. Shamba liko wapi, ekari ngapi, una hati au cheti cha hisa? Mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa baada ya uhuru na vikundi vya ushirika, kila mwanachama akabaki na cheti tu, na cheti huteketea kama karatasi nyingine yoyote. Swali gumu zaidi lilikuwa la mwenye nyumba. Wanawake walinitajia jina la mume kana kwamba yuko nje anafunga ng'ombe. Nilijifunza kuacha mstari mtupu na kumrudia mwanamke huyo kesho yake.

Mama mmoja wa Kiluo, wa kutoka upande wa Fort Ternan, ndiye aliyenifundisha kazi hii kuliko mtu yeyote. Nilipomaliza kuandika ekari zake aliushika mkono wangu. "Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "andika na mibuni."

"Mama, hakuna safu ya mibuni."

"Chora."

Nikachora. Akanitajia mibuni mia mbili, mistari mingapi ilikuwa juu ya kijito na mingapi chini yake, ipi ilipandwa na mumewe na ipi na yeye mwenyewe baada ya mume kufa. Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walisikia. Tangu hapo kila mtu alitaka safu yake: ng'ombe, mizinga ya nyuki, cherehani, mabati. Daftari la pili lilijaa haraka.

Shule ilipohitaji madarasa yake, watu walitawanyika. Baadhi walirudi, wakafukuzwa tena. Mwaka 1993 Londiani, pamoja na Molo na Burnt Forest, ilitangazwa eneo la ulinzi maalumu ambalo mtu wa nje haingii. Shirika la Africa Watch lilikadiria mwaka huo kwamba waliouawa nchini walikuwa wamefika 1,500 na waliofukuzwa 300,000. Mama wa mibuni alikwenda kwa kaka yake Nyakach. Alikusudia kukaa msimu mmoja.

Klashi zilipozuka tena 2008 zilinikuta mke wa mtu, mwalimu, na uwanja wa parokia ukajaa tena. Tofauti niliiona kwa macho. Safari hii Msalaba Mwekundu walifika mapema na mahema na maturubai, na walikuwa na fomu zenye safu nyingi kuliko nilizopata kuzichora. Baadaye serikali ililipa shilingi 10,000 kwa jamaa ya kuanzia maisha, na 25,000 kwa nyumba iliyoteketezwa. Waliokuwa kambini waliandikwa. Waliokuwa wamebanana kwa jamaa zao tangu 1992 hawakuwa kambini, kwa hiyo wengi wao hawakuonekana. Mtoto wa yule mama alikwenda kuuliza katika ofisi moja akaambiwa mama yake si mkimbizi, ni mkazi wa Nyakach.

Akaja kwangu. Madaftari nilikuwa nayo, kwa kuwa padre aliniachia alipohamishwa. Tulitoa nakala ya ukurasa, paroko mpya akaupiga mhuri, na mama akauambatisha kwenye ushahidi wake mbele ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, moja kati ya taarifa zaidi ya 40,000 zilizokusanywa. Ripoti ilikabidhiwa Mei 2013. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa ajili ya waliodhulumiwa. Mama huyo hajaona hata senti yake.

Najua parokia nyingine zilikuwa na madaftari kama yangu, na makanisa mengine vilevile. Walioandika walikuwa vijana. Sasa tuna wajukuu. Naomba wenye madaftari hayo wayatoe yanakiliwe wakati bado tupo wa kuapa kwamba mwandiko ni wetu, na naomba yeyote atakayegawa fedha za fidia ayasome kabla ya kuamua nani alifukuzwa na nani alihama kwa hiari. Ukurasa wa mama yule una ekari, umri wa watoto wanne, namba ya cheti cha hisa na mibuni mia mbili.