Jani, Mzizi na Chokaa ya Kakontwe

Nilisomea kilimo Lubumbashi, na tangu nipewe kazi ya ugani nimezeekea katika mashamba ya mahindi yanayouzunguka mji wa Likasi. Mji huu, ulioitwa Jadotville hadi 1966, umelelewa na shaba. Wengi niliowahudumia walikuwa watu wa migodi waliokatikiwa mshahara, au wake zao, walioshika jembe ili bukari isikosekane nyumbani.

Nikifika shambani, kwanza natazama majani yapi yameugua. Nitrojeni, potasiamu na fosforasi huhama ndani ya mmea: zikipungua, majani ya zamani hunyang'anywa ili majani machanga yapate chakula, kwa hiyo dalili huanzia chini. Umanjano unaoingia kutoka nchani kwa kufuata mshipa wa kati, wenye umbo la V, ni njaa ya nitrojeni. Ukingo ukiungua, ni potasiamu. Miche ikigeuka zambarau, shuku fosforasi. Zinki haihami kwa urahisi. Ikikosekana, ni majani machanga yanayotoa michirizi myeupe kandokando ya mshipa wa kati.

Likasi, hata hivyo, jani peke yake halitoshi. Mama mmoja aliniita: "Papa agronomu, nimetia NPK, nimeongeza urea, mahindi yanazidi tu kuwa manjano." Majani machanga yalikuwa manjano huku mishipa yake imebaki kijani, dalili ya upungufu wa chuma. Niling'oa mche: mizizi mifupi, minene, haina vinyweleo. Mpakani mwa shamba palichanua Haumaniastrum katangense, ua linalostahimili udongo wenye shaba nyingi.

"Mama, udongo huu hauna njaa. Umevimbiwa shaba."

Shaba ikizidi hudumaza mizizi na kuuzuia mmea kupata chuma. Hapo mfuko mwingine wa urea ni hasara tupu. Tulifukia samadi na unga wa mawe ya chokaa ya Kakontwe, yanayopatikana hapa hapa jirani, ili kupunguza uchachu na kuifunga shaba. Lengalenga na matembele nilimshauri ayahamishe, maana mboga za majani hubeba metali na vumbi hadi chunguni.

Chokaa hiyo inafaa pia katika mashamba yaliyo mbali na viwanda vya shaba. Udongo wetu mwekundu ni mchachu. pH ikishuka chini ya 5.5, alumini huyeyuka, huumiza mizizi na kuifungia fosforasi. Ukimwaga mbolea ya 10-20-10 juu ya udongo wa namna hiyo, sehemu kubwa ya ile 20 ya fosforasi uliyoilipia haiufikii mmea. Chokaa ifukiwe majuma kadhaa kabla ya mvua za Novemba, na isichanganywe kamwe na urea, maana nitrojeni itapotea hewani.

Ndugu mkulima, kabla hujanunua mbolea, ng'oa mmea mgonjwa na mwingine mzima, linganisha mizizi yake, kisha umpelekee agronomu mimea yote miwili pamoja na udongo wake. Gharama yake ni jasho la asubuhi moja. Mfuko wa mbolea isiyohitajika unaweza kukumalizia faida ya msimu mzima.