Wageni wanapokuja Dzaleka

Hapa Malawi, miezi ya 9 mpaka 11, kabla mvua haijaanguka, ndiyo wakati wa kutembea. Mijakaranda inachanua Lilongwe, wenye nafasi wanashuka ziwani, ambako tamasha la Lake of Stars lilianza mwaka 2004. Siye tunasikia habari tu, maana kutoka kambini kunataka kibali.

Lakini tangu 2014 wageni wanakuja kwetu. Tamasha la Tumaini lilianzishwa na mshairi Menes La Plume, Mkongomani mwenzetu aliyeishi humu humu kambini. Mara nyingi linaangukia mwanzo wa Novemba: muziki, ngoma, maigizo. Fikirieni, Dzaleka ilikuwa gereza la wafungwa wa siasa enzi za Banda, ikawa kambi 1994. Sasa watu wa mjini wanasafiri kama kilomita 40 kuja kwa hiari yao!

Wengine wanalala majumbani mwetu. Siye tulimpokea dada mmoja wa Lilongwe. Godoro tuliazima kwa jirani, mama akatwanga sombe tangu mchana, na mgeni akaomba aongezewe. (Mama anasimulia hilo mpaka leo.) Asubuhi tukamtembeza sokoni, vumbi mpaka magotini, tukamwonyesha pa kunywa kahawa.

Akituaga alisema, "Na nyie karibuni kwangu." Tukamshukuru, tukacheka kidogo. Watoto ndio waliomwamini. Kila Jumamosi wanauliza tunaenda lini.