Kidevu cha jike

Jumamosi, 29 Juni 2024
Samaki wangu jike hali tangu juzi. Kidevu kimemvimba, anatafunatafuna maji tu. Nimemnyunyizia unga wa dagaa akaupa mgongo. Ana mayai mdomoni. Dume, yule mwenye doa jekundu kwenye ncha ya pezi la chini, nimemtia ndooni, maana hakomi kumfukuza mwenzake.
Mama mkwe kachungulia tangi. "Tunakaanga lini?"
"Mama, hawa hata wote hawajazi kisahani."
"Sasa unawalisha wa nini?"

Jumatano, 3 Julai
Kaka kapiga simu kutoka Muscat. Karibu saa nzima, habari ni tumbawe la tangini mwake tu. Analiita la nyundo, kwa vile vidole vyake laini vina ncha kama herufi T. Wataalamu walilipa jina la nanga, na mimi naona nanga ndiyo hasa. Jumapili kichwa kimoja kilitoa ute wa kahawia wenye harufu mbaya. Kesho yake nyama yote imeyeyuka, limebaki jiwe jeupe. Amekikata kwa msumeno kabla ute haujavifikia vingine. Usiku, anasema, linatoa nyuzi ndefu za sumu na kumchoma jirani yeyote aliyewekwa karibu.
Alkali anaipima kila jioni. Anataka ibaki digrii 8 au 9, na kinachomtia hofu zaidi ni ile kuyumba. Chumvi ananunua kwa ndoo, na bahari iko mwisho wa mtaa wao! Nimemcheka sana. Pangani tumezaliwa katika nyumba ya mawe ya matumbawe, na hakuna aliyewahi kuyapima kitu.

Jumatatu, 8 Julai
Mgao wa umeme tena. Ukame umelimaliza bwawa la Kariba, nasi huku mkoani Luapula tunakaa gizani. Pampu ya hewa ilizima saa mbili usiku. Nimelifunika tangi kwa blanketi, na kila nusu saa nikachota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, yakipiga kelele yabebe hewa. Saa kumi alfajiri kipimajoto kilisoma 19. Jike alikuwa kwenye kona, mashavu yakienda taratibu, akiyageuza mayai.
Kwa kaka hofu ni ya upande wa pili. Julai ya Muscat, umeme ukikatika mchana mmoja, maji yanapita 30, na tumbawe linawatema mwani wanaoishi ndani ya nyama yake. Hao ndio wanaolipikia chakula kwa mwanga. Likishawatema, linabaki jeupe na njaa.
Nilitamani kumfungua jike mdomo nione kama mayai ni mazima. Mkono ulifika majini nikaurudisha.

Alhamisi, 18 Julai
Wametoka! Nimehesabu 23, kisha 19, kisha nikaacha. Macho matupu yenye mkia. Mama yao amekonda, kichwa kimeuzidi mwili.
Mume wangu anataka kuniletea dume jipya kutoka Nchelenge. Nimekataa. Hawa jamaa wanachanganyika upesi, na mwaka 2019 watafiti waliandika kwamba wingi wa aina za samaki wa Ziwa Mweru ulitokana na mchanganyiko kama huo, wakati kule Ziwa Bangweulu haukutokea. Ziwa lina nafasi ya mambo hayo. Mimi nina vioo vinne vilivyogandishwa na fundi wa makabati.

Jumamosi, 27 Julai
Leo ni sherehe ya Mutomboko. Tangu asubuhi wageni wanapita, na chifu Mwata Kazembe atacheza mchana. Mama mkwe, kitenge kipya kiunoni, alisimama mbele ya tangi kunisubiri. Ngoma ya kwanza ilipolia kioo kilitetemeka. Jike akashusha kichwa, akafungua mdomo, na vitoto vyote vikaingia, kimoja kimoja, cha mwisho akakifuata mwenyewe.
Mama mkwe hakusema neno. Alikuwa ameziba mdomo wake kwa kiganja.